Wauguzi wa ICU tufunzwe kutunza katheta kwenye mdoli hadi mkono uive, ndipo tumguse mgonjwa

Mkufunzi_Mahututi

Wakuu, salaam. Wauguzi wenzangu mlio zamu muda huu, poleni na kazi.

Yakitajwa maambukizi ya damu yatokanayo na katheta ya mshipa mkubwa (mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa mshipani kupitishia dawa na kuchukulia damu), mazungumzo huishia kwa daktari: aliiwekaje, alivaa gauni au hakuvaa, alipaka dawa ya kutosha au alipaka juu juu. Ni maswali ya haki. Ila daktari akishaiweka na kuishona, anaondoka. Katheta inabaki shingoni mwa mgonjwa siku saba, kumi, pengine zaidi, na mikono inayoigusa usiku na mchana ni ya muuguzi. Hesabu zamu yako moja tu: antibayotiki, bomba la dawa ya kupandisha presha linalobadilishwa, damu ya maabara, dripu iliyokwisha, dawa ya usingizi, maji ya kusafisha njia baada ya kila dawa. Kila mdomo wa katheta unapofunguliwa, kinachozitenga bakteria za wodi na damu inayoelekea moyoni ni usafi wa mikono yetu.

Ninachosema ni kwamba utunzaji wa katheta ni ufundi wa mikono, na ufundi wa mikono haukai kichwani kwa kutazama slaidi. Muuguzi wa ICU afanye mazoezi kwenye mdoli, akaguliwe hatua kwa hatua, arudie hadi afikie kiwango kilichowekwa, ndipo aachiwe katheta ya mgonjwa. Kiwango kiwe kimoja kwa aliyeajiriwa jana na kwa aliyezeekea ICU.

Tuanze na vimelea vinavyoingia. Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ngozini: bakteria wa ngozi ya mgonjwa, hasa stafilokokasi, hutambaa kwa nje ya katheta kuanzia pale ilipochomwa. Hiyo ndiyo hutawala siku za mwanzo. Ya pili ni ndani ya mrija wenyewe, kupitia mdomo wa katheta na viunganishi vyake, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo inavyozidi kuwa na uzito. Vikishaingia, vinajijengea utando kwenye plastiki. Ndani ya utando huo antibayotiki haivifikii vizuri, na kinga ya mwili vilevile. Ndiyo maana mara nyingi tunalazimika kuing'oa katheta kwa mgonjwa ambaye kumpatia mshipa mwingine ni shughuli pevu.

Ukiyaelewa hayo, utaona kuwa mambo ya siku ya kuweka katheta yanaziba njia ya kwanza zaidi. Njia ya pili iko mikononi mwetu kila saa.

Mradi wa Michigan, Marekani, ulioongozwa na Peter Pronovost, wengi mnaujua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 kutoka ICU 103. Walisisitiza mambo matano: kunawa mikono, kujifunika kikamilifu wakati wa kuweka katheta, kusafisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vimelea), kuepuka mshipa wa kinenani, na kuondoa katheta isiyohitajika. Wastani wa maambukizi ulishuka kutoka 7.7 hadi 1.4 kwa kila siku-katheta 1,000 baada ya miezi 16 hadi 18. (Siku-katheta moja ni mgonjwa mmoja mwenye katheta kwa siku moja.) Ni kazi kubwa sana ile, na imeokoa watu. Lakini angalia: matatu kati ya yale matano yanahusu tendo la kuweka tu. Kusugua mdomo wa katheta, kubadili dresingi (kifuniko cha pale katheta ilipoingilia) na kubadili mirija, yaani utunzaji wa siku ya tatu, ya sita na ya tisa, havikuwa kiini cha orodha ile.

Upande wa simulesheni, yaani mazoezi ya kuigiza kwenye mdoli, kikundi cha Northwestern kule Chicago kilichapisha mwaka 2009 matokeo ya kuwafunza madaktari wanafunzi kuweka katheta kwenye mdoli hadi wafikie kiwango. Katika ICU yao maambukizi yalitoka 3.20 yakawa 0.50 kwa siku-katheta 1,000. Baadaye, mwaka 2015, kikundi hichohicho kikageukia wauguzi wa ICU na kazi tunazofanya kila siku: kutoa dawa kupitia katheta, kubadili vifuniko vya kuchomea, kubadili mirija, kuchukua damu, kubadili dresingi. Kabla ya mafunzo, matokeo yalikuwa yametawanyika sana. Wengi walianguka katika kazi wanazofanya kila zamu. Baada ya mazoezi wote walifikia kiwango. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2014 uliwafunza wauguzi wa ICU kwa simulesheni jinsi ya kulinda utasa (hali ya kutokuwa na vimelea kabisa) wakati katheta inawekwa, na maambukizi yakashuka kutoka 2.61 hadi 0.4 kwa siku-katheta 1,000.

Sasa, simulesheni ninayoitetea si ile ya siku moja ya kupiga picha na mdoli mpya. Wazo lake ni la zamani. Benjamin Bloom alilieleza mwaka 1968 kwa ajili ya shule: muda wa kujifunza utofautiane, kiwango cha kufaulu kisibadilike. Muuguzi anaanza kwa kupimwa bila maandalizi, mkaguzi akiwa na orodha ya hatua mkononi. Anaonyeshwa kazi inavyofanyika. Anafanya mwenyewe, mrejesho ukija papo hapo: "umegusa ncha", "hujaacha ikauke". Anapimwa tena kwa orodha ileile. Asipofikia anarudi kwenye mazoezi bila aibu, na akifikia amemaliza, iwe kwa nusu saa au kwa siku mbili.

Nichukue zoezi la kubadili dresingi, maana ndilo linalofichua mengi. Barakoa kwa muuguzi, na mgonjwa ageuzwe uso upande wa pili au avalishwe barakoa kama inawezekana. Mikono isafishwe. Dresingi ya zamani ivuliwe taratibu huku katheta imeshikiliwa isivutike. Hapa wengi wanapotea: glavu zilizovua dresingi chafu zinaendelea kupaka dawa. Zivuliwe, mikono isafishwe tena, zivaliwe glavu tasa. Klorheksidini yenye spiriti isuguliwe kwa nguvu ya kadiri kwenda na kurudi, kisha iachwe ikauke yenyewe. Usipepee, usipulize, usifute kwa gozi. Kukauka ni sehemu ya kazi ya dawa, na ukibandika dresingi juu ya ngozi mbichi unaleta muwasho na dresingi haishiki. Andika tarehe. Dresingi ya plastiki inayoonyesha ngozi hubadilishwa angalau kila siku 7 na ya gozi kila siku 2, lakini yoyote iliyolowa, iliyochafuka au iliyoachia pembeni hubadilishwa saa hiyohiyo, hata kama iliwekwa jana.

Zoezi la kusugua mdomo wa katheta linaonekana dogo, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mkufunzi anapaka mdomo wa katheta ya mdoli wino usioonekana kwa macho, unaong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Muuguzi anatoa dawa kama kawaida yake. Kisha taa inawashwa. Wino unaonekana kwenye ncha ya bomba la sindano, kwenye kidole gumba, kwenye kitasa cha kitanda, kwenye kalamu. Hakuna mhadhara unaoweza kufanya kazi hiyo. Kuanzia hapo huhitaji kumwambia mtu asugue kwa sekunde ngapi; anakuuliza mwenyewe. (Miongozo inataka msuguano wa kweli wa angalau sekunde 5 kwa spiriti au klorheksidini yenye spiriti, na wengine wanafundisha 15, halafu ikauke.)

La mwisho kwa leo: zoezi liwe na usumbufu ndani yake. Katikati ya kusugua, kengele ya mashine ya kupumulia ya kitanda cha jirani ilie. Ndugu wa mgonjwa aingie kuuliza swali. Daktari aite kutoka mlangoni. Tazama muuguzi anafanya nini na mdomo wa katheta uliokwisha kusafishwa: anauachia juu ya shuka? Akirudi, anaanza upya au anaendelea alipoishia? Wodini ndivyo ilivyo, na hatua huvunjika hapo kwa mtu anayezijua zote kwa moyo.

Karibuni tujadili.

ZamuYaUsiku

Mkuu, umeandika vizuri na nimejifunza, hasa hiyo ya glavu. Lakini niseme ukweli wa usiku. Nina wagonjwa watatu peke yangu, wawili wako kwenye mashine. Unaniambia niache ikauke, na huku mwenzake presha inashuka. Mnaweza kunifunza kwenye mdoli mwaka mzima, nikirudi wodini nakosa muda. Naona tunapeleka mzigo kwa muuguzi, na tatizo ni idadi ya wauguzi.

Mkufunzi_Mahututi

Dada, au kaka, nakubaliana nawe bila kupunguza neno. Upungufu wa wauguzi unahusishwa na ongezeko la maambukizi ICU, na mdoli hauwezi kuziba pengo la mtu. Anayetaka simulesheni ili akwepe kuajiri, asijifiche nyuma ya maneno yangu.

Lakini kuna mawili. Kwanza, mkono uliozoea ni mwepesi. Muda mwingi unaopotea wakati wa kubadili dresingi unapotea kwa kutafuta: gozi iko wapi, glavu tasa za saizi yangu zimekwisha, nimesahau plasta. Tunapofanya zoezi na vifaa vyote ndani ya pakiti moja, na mpangilio uleule kila siku, kazi inafupika bila kuruka hatua. Pili, zoezi linakufundisha kuchagua. Presha ya jirani ikishuka, nenda. Huo si uzembe. Unachojifunza ni kuacha katheta katika hali salama kabla ya kuondoka, yaani klempu (kibanio cha mrija) imefungwa na mdomo una kifuniko, na kuanza upya ukirudi. Ni vitendo vya sekunde chache, ila mkono uwe umevizoea kabla ya dharura.

Na kitu kimoja kinachopunguza kazi moja kwa moja: katheta isiyohitajika itoke. Kila asubuhi kwenye raundi, muuguzi ndiye aulize kwa sauti, "Hii leo bado ina kazi gani?" Swali hilo nalo huwa tunalifanyia mazoezi.

Mama_wa_ICU

Mimi nina miaka mingi kwenye hii kazi kuliko wengi wenu humu. Nimewafundisha madaktari ambao leo ni mabingwa. Sasa niitwe nisimame mbele ya mdoli, kijana ashike karatasi anitie alama za vema na makosa? Nasema kwa upole, lakini nasema: hiyo inauma. Uzoefu hauna heshima tena?

Mkufunzi_Mahututi

Shikamoo mama. Nashukuru umelileta hapa wazi, kwa sababu wengi wanalifikiria kimoyomoyo.

Nikueleze jambo ambalo lilinigusa katika utafiti ule wa 2015. Kwenye kazi ya kutoa dawa kupitia katheta, wauguzi wenye miaka mingi zaidi ndio waliopata alama za chini kwenye kipimo cha mwanzo. Sidhani kwamba uzoefu unaharibu mtu. Naona sababu mbili. Miongozo inabadilika: wapo waliofundishwa kubadili mirija ya dripu kila siku, na leo tunajua kwamba mirija ya kawaida haitakiwi kufunguliwa mara kwa mara namna ile, miongozo ya sasa inaruhusu hadi siku 7, isipokuwa iliyopitisha damu au lishe ya mafuta, ambayo ni ndani ya saa 24, na dawa ya usingizi ya propofoli ambayo ni mapema zaidi, saa 6 hadi 12. Wapo waliofundishwa kupaka mafuta ya antibayotiki pale katheta ilipoingilia; kwa katheta nyingi siku hizi haishauriwi, kwa sababu inaita fangasi na usugu. Sababu ya pili ni kwamba hakuna aliyewatazama tena baada ya chuo. Mtu akifanya jambo miaka mingi bila jicho la pili, hatua ndogo hudondoka moja moja bila yeye kuhisi.

Ndiyo maana sharti langu ni kwamba matokeo ya kipimo cha kwanza hayaendi kwa bosi, hayaingii kwenye faili la mtu, hayatajwi wodini. Ni ya muuguzi na mkufunzi wake. Mahali ambapo alama zimegeuzwa fimbo, watu huigiza mbele ya mkaguzi na kurudia mazoea yao akigeuka. Na mama, watu kama wewe wakishapita, ndio hasa ninaotaka washike ile karatasi. Kijana akikosolewa na wewe anasikia tofauti.

DaktariWaUsingizi

Naomba nichangie kutoka upande wa pili wa kitanda. Mmesema daktari anaweka katheta na kuondoka, ni kweli. Kinachokosekana kwenye mafunzo mengi ni sauti ya muuguzi wakati sisi tunaweka. Kule Michigan, muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari aliyekiuka hatua, isipokuwa pale penye dharura. Kwenye karatasi ni rahisi. Saa tisa usiku, daktari bingwa ana haraka, muuguzi mgeni ameona mkono wa gauni umegusa kitanda kisicho tasa. Atasema?

Sisi tulianza kuliigiza hilo. Daktari anaweka katheta kwenye mdoli na amepangiwa kukosea kwa makusudi: shuka tasa dogo mno, au waya wa kuongozea ukagusa kofia yake. Muuguzi anatakiwa aone na aseme. Mara za kwanza wengi wanaona na kunyamaza, au wanasema kwa sauti ya chini, "Daktari, labda..." Baadaye tukawapa maneno ya kutumia: "Daktari, simama. Mkono umechafuka. Hizi hapa glavu nyingine." Taja ulichoona, toa kinachohitajika, bila kulaumu. Na daktari naye anafanyia mazoezi jibu lake: "Asante," kisha anabadili glavu. Nusu ya zoezi ni letu, jamani. Muuguzi akifunzwa kusema na daktari hajafunzwa kusikia, tutamvunja moyo siku ya kwanza tu.

Mkufunzi_Mahututi

Daktari, hili nalinakili lilivyo. Asante sana.

Kinga_na_Takwimu

Nafanya kazi ya kudhibiti maambukizi, kwa hiyo niongelee vipimo, maana hapo ndipo miradi mizuri huharibika.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: idadi ya maambukizi gawanya kwa siku-katheta, zidisha kwa 1,000. Kila siku saa ileile mtu ahesabu wagonjwa wenye katheta ya mshipa mkubwa. ICU ikiwa na maambukizi 2 katika siku-katheta 400, kiwango ni 5. Lakini tazameni: mwezi unaofuata yakiwa 1, kiwango ni 2.5, na mtu atasimama kwenye kikao aseme tumepunguza kwa nusu. Hapana. Namba ndogo zinapanda na kushuka zenyewe. Angalieni mwaka, au hesabuni siku zilizopita tangu maambukizi ya mwisho.

Jambo zito zaidi: ICU isiyootesha damu maabara (kuikuza ili bakteria waonekane) itakuwa na sifuri daima. Mgonjwa ana homa, anaanzishiwa antibayotiki, anapona au anafariki, na hakuna aliyejua. Kwa hiyo ukianza mafunzo na wakati huohuo ukaboresha uchukuaji wa damu ya kuotesha, kiwango kinaweza kupanda, na upandaji huo ni habari ya kweli inayojitokeza. Uongozi uambiwe mapema, la sivyo watauua mradi mwezi wa tatu.

Kwa sababu hiyo mimi nataka vipimo vya mwenendo viende sambamba: dresingi ngapi ni safi, kavu, zina tarehe, mara ngapi mdomo ulisuguliwa kati ya mara zilizoangaliwa. Hivi havisubiri mwaka.

Na tafiti za kabla na baada tuzisome kwa uangalifu. Mara nyingi hospitali inayoleta mdoli ndiyo hiyohiyo inayoleta klorheksidini mpya, dresingi mpya na meneja mpya. Naamini simulesheni inasaidia. Ninachokataa ni kuipa sifa ya kila kitu.

Mkufunzi_Mahututi

Sahihi. Ndiyo maana ule utafiti wa Chicago wa 2009 nauheshimu: walilinganisha pia na ICU nyingine ya hospitali hiyohiyo ambayo haikupata madaktari waliofunzwa, na kule kiwango kilikuwa 5.03. Si ushahidi wa mwisho, ila ni mzito kuliko kabla na baada peke yake.

Mwanafunzi_Mwaka3

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza: mnaongelea katheta ya mshipa tu. Mpira wa mkojo je? Chuoni tumefundishwa kuuweka, kuutunza tuliambiwa kwa mdomo tu.

Mkufunzi_Mahututi

Marahaba mwanangu, swali zuri. Kanuni ni ileile, na mpira wa mkojo ndio wenye wagonjwa wengi zaidi. Kila siku mpira unapokaa, uwezekano wa bakteria kuonekana kwenye mkojo huongezeka kwa takriban asilimia 3 hadi 7, kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuutoa. Zingatia kuwa bakteria kuonekana si lazima iwe ugonjwa. Usipeleke mkojo maabara kwa sababu tu una harufu au umebadilika rangi.

Zoezi lake zuri kuliko yote ni la kumsafirisha mgonjwa kwenda kipimo cha skani. Kitanda kinatoka, mtu anaubeba mfuko na kuulaza tumboni mwa mgonjwa ili usiburuzike. Mkojo unarudi nyuma kwenye kibofu. Fanyeni hilo kwa mdoli na maji ya rangi, mtaona maji yanavyopanda kwenye mrija. Mfuko umwagwe kabla ya safari, ubaki chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu, na mrija usifunguliwe ovyo kwenye maungio. Chombo cha kumwagia kiwe cha mgonjwa huyohuyo, na mdomo wa mfuko usiguse chombo.

ZamuYaUsiku

Nimerudi. Swali la pesa: hospitali zetu hazina midoli ya bei mbaya inayopumua na kukoroma. Tunaanzaje?

Mkufunzi_Mahututi

Kwa kazi za utunzaji, mdoli hauhitaji kupumua. Wauguzi wa Hartford, Connecticut, walianza mwaka 1911 kutumia mwanasesere mkubwa aliyetengenezwa na Martha Jenkins Chase, akajulikana kama Bibi Chase, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kugeuzwa, kuogeshwa, kuhudumiwa bila mtu kuumia. Zaidi ya karne imepita.

Sponji nene iliyofunikwa ngozi bandia, katheta ya mazoezi iliyoshonwa juu yake, na mfuko wa maji ya rangi nyekundu chini yake ili mtu avute "damu": umepata kituo cha kuchukua damu, kutoa dawa, kubadili dresingi na mirija. Vifaa vya mazoezi viandikwe kwa herufi kubwa na vihifadhiwe kabati tofauti, visije vikaingia kwa mgonjwa. Hilo si la kufanyia mzaha.

Nguvu na fedha ziende kwenye orodha ya ukaguzi na muda wa mkufunzi. Orodha iandaliwe na wauguzi wa wodi husika pamoja na mtu wa kudhibiti maambukizi, kila hatua iwe kitu kinachoonekana kwa macho. "Anazingatia usafi" haikaguliki. "Amesafisha mikono baada ya kuvua dresingi ya zamani" inakagulika.

DaktariWaUsingizi

Niongeze la mazungumzo baada ya zoezi. Msiyafupishe. Muuguzi aulizwe kwanza alikuwa anafikiria nini pale alipoachia mdomo wa katheta. Mara nyingi jibu lake linafichua tatizo la wodi: ndoo ya taka iko mbali, kisafisha mikono kimefungwa ukuta wa mlangoni, swabu za spiriti zinafungiwa kabatini na funguo anayo mtu mmoja. Tumewahi kuhamisha kisafisha mikono kwa sababu ya jibu la namna hiyo, na tulikuwa tumejiandaa kumkosoa mtu.

Mama_wa_ICU

Nimesoma yote. Nitakuja, na nitapimwa kama wengine. Masharti yangu mawili. Mdoli uwekwe palepale ICU, kwenye kitanda kisicho na mgonjwa, tutumie dresingi zetu na mirija yetu. Nimechoka na mafunzo ya hotelini yenye vifaa ambavyo wodini hatuna. La pili, msituite mara moja halafu mkapotea. Mkono unasahau.

Mkufunzi_Mahututi

Mama, yote mawili yamekubaliwa. Kurudia tutafanya kwa vipindi vifupi ndani ya zamu, kituo kimoja kila mara, na mgeni yeyote apitie vituo vyote kabla ya kupangiwa mgonjwa mwenye katheta. Kikija kifaa kipya, kwa mfano aina nyingine ya kiunganishi, kituo chake kinafunguliwa upya kwa wote kabla kifaa hakijasambazwa.

Kwa wanaotaka kuanza: andikeni hapa kazi moja ambayo kwenye wodi yenu kila mtu anaifanya kwa namna yake. Nitaanza kuandaa orodha ya hatua ya kazi itakayotajwa na wengi, muikosoe humuhumu kabla hatujaipeleka kwenye mdoli.

ZamuYaUsiku

Kuchukua damu kupitia katheta. Kwetu kila mtu na mtindo wake, na wengine wanairudisha kwa mgonjwa ile damu ya kwanza inayovutwa kabla ya sampuli.

Kinga_na_Takwimu

Naunga mkono, anza na hiyo. Na uweke hatua ya kusafisha njia kwa maji ya chumvi baada ya kuchukua, maana damu iliyobaki kwenye kiunganishi ni chakula cha bakteria.